UZI: Ngoma ya sikio ilipasuka nikiwa bwenini, nikasoma nusu kiziwi. Mwanafunzi asiyeitikia, mwangalieni sikio kabla ya fimbo

#1 mtoto_wa_nyanda (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nimeona mzazi mmoja akilalamika kwamba binti yake wa sekondari amebadilika: anaitwa haitikii, anaambiwa hivi anafanya vile, darasani ameporomoka. Waliomjibu wakasema ni umri, wengine simu, wengine makundi mabaya. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama masikio ya huyo binti yamepimwa. Ndiyo maana naandika. Niliwahi kuwa binti wa namna hiyo, na tabia yangu haikuwa na shida yoyote.

Nilikuwa kidato cha tano, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), shule ya bweni ya wasichana huku Nyanda za Juu Kusini. Wanaoijua Juni na Julai ya kule hawahitaji kuelezwa baridi lake. Mafua yakishaingia bwenini yanazunguka kitanda kwa kitanda, na yaliponifikia mimi yalikuja na masikio kuziba. La kulia ndilo lililoanza. Nikimeza mate linafunguka kidogo, halafu linaziba tena. Baada ya hapo likaanza kuuma.

Maumivu ya sikio usiku ni mateso. Yanagonga na mapigo ya moyo, na ukilaza kichwa yanazidi. Nililala nimekaa, mgongo ukutani, shuka nimelizungusha kichwani. Kuelekea alfajiri yakakata ghafla, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka foronya ilikuwa imelowa majimaji ya njano yenye damu kidogo.

Bweni zima likasema nimepona: "Usaha umeshatoka, hapo tayari." Hii imani ipo sana, na ni ya hatari. Maumivu yalikata kwa sababu ngoma ya sikio ilipasuka. Usaha ulikuwa umejaa nyuma yake unaisukuma. Ulipopata tundu, presha ikashuka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado upo, umepata tu njia ya kutokea.

Wenzangu wawili, kwa upendo kabisa, walikuja na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu ili wanidondoshee. Matroni akawakuta mlangoni na kile kikombe. Akawaambia sikio linalotoa usaha haliingizwi kitu mpaka liangaliwe na mtu mwenye kifaa. Huyu mama Mungu amlipe, maana angekuwa mwingine angeshika kichwa changu nimwagiwe.

Asubuhi akanipeleka zahanati. Aliyetupokea aliuliza naumwa nini, nikasema sikio, akaandika dawa ya matone na vidonge. Ndani ya sikio hakuangalia. Akaagiza nisafishwe, na chumba cha pili wakaanza kuandaa bomba la sindano na maji ya uvuguvugu. Matroni akakataa, akasema huyu mtoto anatoa usaha wenye damu, mnampiga maji mnajua ndani kukoje? Tukaondoka na vidonge na ile dawa ya matone.

Sasa nije kwenye kusikia, maana ndiko hasa uzi unakoelekea.

Homa iliisha, nikarudi darasani, na kila mtu akaniona mzima. Lakini sauti zilikuwa zimehama. Sauti yangu mwenyewe ilivuma kichwani, za watu zikawa mbali. Tukila makande nilisikia kutafuna kwangu kuliko maneno ya aliyekaa mbele yangu. Na kwa sababu nilijisikia kwa nguvu, nikawa naongea chini. Wenzangu wakaanza kuniuliza mbona nanong'ona, nina hasira na nani.

Mwalimu akiwa ananitazama, nilipata karibu yote. Akigeukia ubao, maneno yanakwisha hapo hapo. Nabaki na mgongo wake na mkono unaoandika. Notisi za kusomewa ndizo zilizonimaliza. Ukikosa neno moja, unapofikiria lile lilikuwa nini, mengine matatu yameshapita. Jioni kichwa kinauma kwa kukaza macho midomoni mwa watu mchana kutwa. Watu wanadhani mtu asiyesikia vizuri amepumzika kwenye ukimya wake. Ile ni kazi ngumu kuliko kusoma kwenyewe.

Siku moja lilitolewa tangazo bwaloni kwamba jaribio la maabara litakuwa saa sita. Mimi nikasikia saa tisa. Yasemeni maneno hayo mawili kwa haraka kwenye bwalo lenye kelele za sahani, sita, tisa, mtaona. Nilifika maabara wenzangu wanaosha vyombo. Mwalimu akaandika sifuri na neno "jeuri" pembeni.

Baada ya hapo sifa ikashika. Mwalimu wa zamu aliita jina langu wakati wa rokoo ya usiku, tunapoitwa majina kuhesabiwa, nyuma yangu, gizani, nikanyamaza. Akaita tena. Aliyesimama kando yangu aliponigusa ilikuwa nimeshachelewa. Nilipewa viboko, kisha kudeki bwalo kwa wiki nzima. Alisema mbele ya wote kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hilo nililisikia, maana alilisema akiwa ameniinamia usoni.

Sikulia kwa sababu ya fimbo. Nililia kwa sababu nilianza kuamini kwamba labda kweli nimekuwa mtu wa namna ile. Wakuu, sikio la kati, lile lililo nyuma ya ngoma, likijaa majimaji halikutumii taarifa. Unachokiona ni kwamba watu wamekuwa wakali, mambo yanakupita, na wewe umekuwa mzito.

Matroni ndiye aliyeunganisha. Aliniita jina nikiwa nimempa mgongo, sikugeuka. Akagonga meza, sikugeuka. Akaja mbele akaniuliza, "Tangu lini?" Kesho yake tukaenda hospitali ya mkoa, kliniki ya masikio, pua na koo. Nitaendelea chini, simu inazima.

#2 mgeni_wa_morogoro

Mkuu pole sana. Endelea, tumekaa.

Swali: ulijuaje ni usaha na si nta? Mimi masikio huziba kila mwaka, nachokonoa na kijiti cha pamba yanafunguka.

#3 mtoto_wa_nyanda (mleta uzi)

Naendelea.

Pale kliniki alikuwepo daktari kijana, mpole. Kwanza alichukua otoskopu, kile kikurunzi chenye ncha ya faneli, akavuta sikio langu juu na nyuma, akaangalia sikio la kulia kwa muda mrefu. Akakausha usaha kwa pamba nyembamba iliyosokotwa kwenye kijiti cha chuma, akaangalia tena. Kisha kushoto. Akamwita matroni naye achungulie.

Kulia ngoma ilikuwa na tundu na usaha bado unapita. Kushoto ngoma ilikuwa nzima ila imefifia, na nyuma yake kulikuwa na majimaji. La kushoto halikuwahi kuniuma hata mara moja! Kumbe nilikuwa na masikio mawili mabovu na nilikuwa najua moja tu.

Halafu akatoa kile chuma chenye umbo la uma, kile kile tunachogonga maabara ya fizikia kupima mawimbi ya sauti. Akakigonga kwenye kiwiko chake, akakiweka katikati ya paji la uso wangu, akaniuliza sauti naisikia upande gani. Nikasema kulia. Nikadhani nimekosea, maana kulia ndiko kubovu zaidi. Akarudia, nikasema tena kulia. Akatabasamu, akamwambia matroni hiyo ni habari njema. Sababu nawaachia wataalamu humu waieleze.

Nikaingizwa kwenye kichumba nikavalishwa visikizi, kila nikisikia mlio nabonyeza kitufe. Kulia nilianza kusikia kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) arobaini na kitu, kushoto thelathini na kitu. Mtu mwenye usikivu wa kawaida huanza kusikia chini ya 20.

Dawa ya matone ya zahanati ikawekwa kando, nikapewa nyingine ya antibayotiki ya siprofloksasini, pamoja na maelekezo ya kulikausha sikio kabla ya kudondosha. Maji yasiingie kabisa. Kupenga kamasi nipenge pua moja moja, taratibu, nisibane zote mbili kwa nguvu. Na akaandika barua kwa shule. Ilikuwa fupi: mwanafunzi huyu kwa sasa hasikii vizuri masikio yote mawili, akae mbele, upande utakaoelekeza sikio la kushoto kwa mwalimu, asemeshwe akitazamwa, asiadhibiwe kwa kutoitikia.

Ile barua ilinisaidia sawasawa na dawa.

@mgeni_wa_morogoro nta haitoki na damu wala homa. Hivyo vijiti naomba waje wanaojua wakujibu.

#4 tabibu_wa_masikio

Mleta uzi umeeleza vizuri, hongera. Nafanya kazi kwenye kliniki ya aina hiyo, acha niongeze.

Sikio la kati ni kichumba kidogo chenye hewa nyuma ya ngoma. Kina mrija unaoshuka hadi nyuma ya pua, ndio unaofunguka ukimeza mate au kupiga miayo. Mafua yakivimbisha mdomo wa ule mrija, hewa ya ndani inanyonywa na haiingii nyingine, majimaji yanajikusanya, bakteria wanapata makazi. Watoto wadogo wanaumwa zaidi kwa sababu mrija wao ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Lakini mtu wa miaka kumi na saba kwenye bweni la baridi lenye mafua anaumwa vilevile.

Kuhusu ule uma. Sauti hufika sikio la ndani, kwenye kipokezi chenyewe, kwa njia mbili: kupitia hewa na ngoma, au kupitia mfupa wa fuvu moja kwa moja. Ngoma ikiwa na tundu au kuna majimaji, njia ya hewa imeziba lakini mfupa unapitisha kama kawaida. Tena kelele za chumbani haziliingii lile sikio, kwa hiyo mlio wa mfupa unasikika zaidi upande ule ule mbovu. Ungeelekea sikio zima, tungeogopa kwamba neva au sikio la ndani limedhurika. Ndiyo maana daktari alitabasamu: njia ilikuwa imeziba, kipokezi kilikuwa salama. Upotevu wa aina hiyo kwa kawaida unarudi.

Na hapo niseme jambo la dharura. Ukiamka sikio moja halisikii ghafla, bila mafua, bila maumivu, bila usaha, usikae nyumbani kusubiri. Hiyo inaweza kuwa sikio la ndani, na dawa yake inafanya kazi vizuri zaidi ikianza siku za mwanzo. Wagonjwa wengi hutufikia baada ya mwezi wakidhani ni nta.

@mgeni_wa_morogoro hivyo vijiti viache. Nta hutoka yenyewe. Kijiti kinaisukuma ndani na kuishindilia. Yakiziba njoo tuangalie, tukiona ngoma ni nzima tutakusafisha. Ngoma ikiwa na tundu hatupigi maji, matroni wa huyu dada alikuwa sahihi kabisa. Na sababu nyingine ya kuangalia kwanza: baadhi ya matone, mfano yenye antibayotiki ya gentamisini, hayafai kwenye ngoma yenye tundu kwa sababu yanaweza kupenya na kudhuru sikio la ndani. Kuandika matone bila kuangalia ni kubahatisha na usikivu wa mtu.

#5 mama_wawili_tanga

Shikamooni. Mwanangu yuko darasa la pili, sikio linatoa usaha yapata mwezi sasa. Hana homa, anacheza. Bibi yake alisema tumkamulie maziwa ya mama, jirani ananyonyesha, tukafanya. Linakauka siku mbili linarudi. Mwalimu wake amesema hamsikilizi. Niende wapi?

#6 tabibu_wa_masikio

Mama, marahaba. Maziwa acha, na usiingize kitu kingine chochote. Maziwa ni chakula cha wadudu wale wale.

Mwongozo tunaotumia kwa watoto ni huu: usaha chini ya siku 14 ni uambukizi wa papo kwa papo, unatibiwa kwa antibayotiki ya kumeza. Siku 14 na kuendelea ni wa kudumu, na hapo vidonge peke yake havimsaidii. Tiba kubwa ni kukausha sikio na matone sahihi. Mwanao ameshavuka.

Nenda kituo cha afya wamwangalie. Watakufundisha kukausha, lakini sikiliza ufike ukiwa unajua: chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, kisokote kiwe utambi, kiingize taratibu, kikilowa kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Angalau mara tatu kwa siku. Usimwachie utambi ndani, wala pamba ya kuziba. Sikio likishakauka ndipo matone yanaingia yakafanye kazi; ukidondoshea juu ya usaha, dawa inaishia kwenye usaha.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio unaouma ukigusa, au sikio limesukumwa mbele, au homa kali, kizunguzungu, uso kupinda upande, usisubiri kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, huenda usaha umeingia mfupani.

Na mwambie mwalimu wake mapema.

#7 mwalimu_wa_hesabu

Nimesoma uzi huu mara mbili. Mimi ni mwalimu, darasa langu lina wanafunzi zaidi ya tisini. Sitetei fimbo kwa asiyesikia. Ila nataka mleta uzi na wazazi wajue kwamba darasani mtoto asiyesikia na mtoto asiyejali wanafanana kabisa usoni. Wote wanatazama dirishani. Wote wanaandika jibu la swali jingine.

Kinachonisaidia ni kuangalia mabadiliko. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono akiacha, nauliza mafua. Nikiwa na shaka, namwita nikiwa nyuma yake kwa sauti ya kawaida, halafu naita nikiwa mbele yake. Akiitika mbele tu, hiyo si nidhamu.

Jambo jingine, walimu wenzangu tunafundisha ubao. Tunaongea huku tunaandika, sauti inapiga ukuta. Maliza kuandika, geuka, kisha sema. Hata wenye masikio mazima watakushukuru.

#8 pwani_kabisa

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu joto na unyevu, na vijana twaogelea sana, wengi wanapata kuvu la sikio. Mwasho usiokwisha, sikio laziba, ukiangaliwa ndani kuna utando mweupe au wenye vidoadoa vyeusi. Matone ya antibayotiki hayaliui, mara nyingine huzidi kulinawirisha. Kwa hiyo usichukue dawa ya jirani kwa sababu "na yeye sikio lilimuuma".

Pia kofi. Mimi ngoma yangu ilipasuka kwa kofi la mwalimu nikiwa darasa la saba. Hakuna mafua wala usaha. Mkono ulitua wazi juu ya sikio, hewa ikasukumwa ndani, nikasikia mlio mkali halafu wii isiyokwisha. Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku 2001, mimi nilipigwa baada ya hapo. Nilipona, lakini naandika hapa kwa sababu makofi yangalipo.

#9 mwalimu_wa_hesabu

Pole sana ndugu yangu wa Mombasa. Na kwa upande wa Tanzania, wenzangu wasome kanuni za viboko shuleni. Zinaruhusu fimbo nyepesi, mkononi au matakoni, kwa idhini ya mkuu wa shule, tena iandikwe kitabuni. Kofi la uso halimo popote. Anayepiga kofi amevunja kanuni hata kabla hajavunja sikio.

#10 mjomba_wa_kahama

Mimi nikumbushe kwinini. Enzi zetu ukitundikiwa dripu ya kwinini masikio yanavuma siku kadhaa, unasikia kwa mbali. Je, na hiyo ni hatari?

#11 tabibu_wa_masikio

Mjomba, shikamoo. Ule uvumi wa kwinini kwa wengi huondoka dozi ikiisha. Zinazotutia wasiwasi zaidi ni sindano za jamii ya gentamisini na streptomaisini, hasa kwa muda mrefu: hizo zinaweza kuua seli za kusikia, na zikifa hazioti tena. Anayetumia akisikia milio au kizunguzungu amwambie daktari wake siku hiyo hiyo, asiache dawa kimyakimya.

#12 sikio_moja

Nimesita kuandika, lakini kichwa cha uzi kimenigusa.

Mleta uzi wewe ulirudi. Mimi sikurudi. Sikio langu la kushoto lilianza kutoa usaha nikiwa mdogo, nyumbani tukalizoea. Linatoa, linakauka, likipata maji linatoa tena. Wenzangu shuleni walikataa kukaa nami kwa ajili ya harufu. Nilitibiwa kwa kila kitu isipokuwa kuangaliwa. Nimefika kwa bingwa nikiwa chuo mwaka wa pili, akakuta tundu kubwa na ngozi iliyoota kuelekea ndani ya sikio la kati, inajikusanya na kula vimifupa. Nilifanyiwa upasuaji wa kusafisha mfupa, kisha wakaziba ngoma kwa utando uliochukuliwa kwenye msuli wa juu ya sikio. Usaha umekwisha, namshukuru Mungu. Kusikia upande ule ni kidogo sana.

Ninachotaka watu waelewe kuhusu kusikia kwa sikio moja: sijui sauti inatoka wapi. Nikiitwa sokoni nazunguka mwili mzima. Pikipiki ikija naisikia, ila sijui iko upande gani, kwa hiyo nasimama mpaka niione. Kwenye kikao chenye watu wengi nakosa maneno ya aliyekaa kushoto. Wanaoniona nimenyamaza wanadhani najivuna.

Mama wa Tanga, nenda kesho.

#13 mama_wawili_tanga

Nimesoma. Tunakwenda kesho asubuhi na baba yake. Asanteni sana, na wewe sikio_moja pole, nimelia.

#14 binti_pcb

Dada, mimi niko kidato cha sita sasa hivi, shule ya bweni, na nina tatizo kama hilo tangu mafua ya wiki iliyopita. Naogopa kusema, mtihani wa mkoa umekaribia, nikirudishwa nyumbani nitapitwa. Wewe masomo uliyafidia vipi? Na usikivu ulirudi lini?

#15 mtoto_wa_nyanda (mleta uzi)

Wakuu nimesoma yote. @sikio_moja asante kwa kuandika, uzi huu ni wako kuliko wangu. Daktari asante.

Mdogo wangu @binti_pcb, kesho asubuhi nenda kwa matroni au mwalimu wa afya, mwambie maneno haya: sisikii vizuri tangu mafua, naomba sikio liangaliwe kwa kifaa. Usiseme tu "sikio linauma", utapewa panadoli.

Usikivu haukurudi kwa siku moja. Usaha ulikauka kwanza. Kusikia kulibaki nyuma, na hapo nilikata tamaa zaidi, maana nilimaliza dawa na bado darasani nilikuwa mbali. Daktari alieleza kwamba majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma kwa wiki nyingi baada ya wadudu kufa, na kwa wengi yanaisha yenyewe ndani ya miezi mitatu. Yasipoisha ndipo wanafikiria hatua nyingine. Kwa hiyo nikawa narudi kupimwa. La kushoto lilifunguka kwanza. Niligundua wakati wa prepo, kujisomea kwa usiku, nikasikia aliyekuwa dawati la nyuma anafunua kurasa, nikageuka kumwangalia akashangaa ninamtazamia nini. La kulia lilichelewa. Tundu lilijiziba mwisho wa muhula, na kipimo cha mwisho kikawa chini ya 20 pande zote mbili.

Masomo: ile barua ya daktari, mwalimu wa taaluma aliwasomea walimu ofisini. Wengine walibadilika siku hiyo hiyo. Wa Kemia, yule aliyeandika "jeuri", alinipa jaribio la maabara upya bila mimi kuomba, na akaanza kusema akiwa amegeuka. Wengine wawili waliendelea kama kawaida. Kwa vipindi vyao rafiki yangu wa dawati aliandika kwa mkono mkubwa, mimi natazama daftari lake badala ya mdomo wa mwalimu, na kila kichwa kipya cha somo anakigonga kwa kidole nijue tumehama. Mtafute mtu wa namna hiyo, mwambie wazi unachohitaji. Usimwambie "nisaidie", mwambie "andika tarehe na saa za matangazo yote unionyeshe". Matangazo ndiyo yatakayokuponza kabla ya masomo.

Na kaa mbele pembeni, sikio zuri lielekee darasani na kwa mwalimu, sikio bovu ukutani. Ukikaa katikati mbele utamsikia mwalimu, ila maswali ya wenzako nyuma yatakupita, na nusu ya somo iko kwenye maswali ya wenzako.

Ukikataliwa ruhusa niandikie faragha, nitakutumia jinsi barua yangu ilivyoandikwa, umpe daktari wako aifuate.